Mwenzako Akisema "Haya", Amesema Nini?

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo la herufi nne tu, ambalo katika nyumba zetu husemwa mara nyingi kuliko "asante". Neno hilo ni "haya".

Bwana anasema, "Mama watoto, nimefikiri tuuze yule ndama tulipe karo." Mama anajibu, "Haya." Siku nyingine mama anasema, "Baba watoto, Jumamosi nitakwenda kumwona mama, nitalala huko." Bwana anajibu, "Haya." Mazungumzo yamekwisha, kila mmoja anaendelea na kazi yake akiamini kwamba wamepatana. Miezi mitatu baadaye ugomvi unazuka. Mmoja anasema, "Wewe mwenyewe ulikubali!" Mwenzake anashangaa, "Mimi? Sikukubali hata siku moja." Wasuluhishi, wawe wazee wa ukoo au wenzetu wa jumuiya ndogo ndogo, hupoteza saa nzima wakimtafuta mwongo, na mara nyingi hayupo. Mmoja alitamka "haya" ya namna yake, na mwingine akasikia ya namna nyingine.

Basi swali langu ni hili: je, mtu aliyesema "haya" amekubali? Na kama hakukubali, lakini mwenzake akaendelea kana kwamba amekubali, kosa ni la nani? Hatuwezi kujibu vizuri bila kulifungua neno lenyewe.

Chukua sentensi hii: "Haya, maneno haya hayana haya." Mtoto wa darasa la sita ataisoma bila shida na kuielewa. Lakini tazama ilivyobeba. Ya kwanza inahimiza: tuanze, sikilizeni. Ya pili inaonyesha: maneno yaliyo hapa karibu. Ya tatu imejificha ndani ya kitenzi, nayo inakanusha: ha-ya-na. Ya nne ni ile ya moyoni, ambayo mtu huiona usoni pa mwenzake akiinamisha macho. Masikioni ni neno moja. Kwa asili yake si moja hata kidogo.

Haya ya kuonyesha ni mzaliwa wa nyumbani, Mbantu halisi. Shuleni tulifundishwa ngeli ya LI-YA: jambo hili, mambo haya, neno hili, maneno haya. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya ndoa huonyeshwa kwa neno hilo: maisha haya, mapenzi haya, malezi haya, matumizi haya, madeni haya, magomvi haya, machozi haya, na Mungu akijalia, mapatano haya. Tena neno hilo lina mipaka yake. "Haya" ni yaliyo karibu nasi sote wawili, "hayo" ni yaliyo karibu nawe au tuliyokwisha kuyataja, na "yale" ni ya mbali. Ningependa kila bwana na bibi wanaogombana wakumbuke somo hilo la darasani. Mnaanza kuzungumza juu ya mambo haya, sukari iliyokwisha kabla ya mwezi kwisha, na kabla chai haijapoa mmoja amekwisha kwenda kwenye mambo yale ya mwaka ule, ya shangazi aliyekuja akakaa wiki sita. Mrudini hapa karibu.

Haya ya kuhimiza imetoka kwa Waarabu, ambao huitana "hayya", yaani twende, upesi. Sisi tumeipokea na kuifanyia kazi nyingi. Kondakta wa matatu huitumia, mwalimu huitumia, mama anayewaamsha watoto huitumia, na wanaume wanaoinua gogo huitumia. Lakini humu nyumbani imegeuka. Neno lililokuja likisukuma mbele, sasa mara nyingi hutumika kuachilia. Sikiliza tofauti ya "Haya!" na "Haya basi", na "Haya bwana", na ile nyingine ndefu inayofuatwa na "wewe ndiwe unayejua". Ya kwanza ina miguu miwili, inakwenda. Ya mwisho imeketi chini. Ukiziandika katika karatasi ni herufi zile zile nne, ndiyo maana haifai kabisa kumwuliza mwenzako jambo zito kwa ujumbe wa simu na kutosheka na "haya" iliyorudi.

Haya ya moyo nayo ni ya Kiarabu, lakini mama yake ni mwingine. Waarabu wana h mbili, moja nyepesi na moja nzito itokayo kooni. Ile ya kuhimizana, "hayya", ina h nyepesi. Ile ya moyo ina h nzito. Ukiziandika kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili wa pwani walivyoandika lugha yao kwa muda mrefu kabla ya herufi za Kirumi kuenea, jicho litaona mara moja kwamba ni maneno mawili. Sisi tuna h moja tu, kwa hiyo wageni wawili wasiojuana wamepewa jina moja. (Wahaya wa Bukoba, kabila la Kadinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kadinali, mwaka 1960, hawamo katika hesabu hii. Jina lao ni la lugha yao wenyewe.)

Kuna jambo moja katika haya hii ya moyo ambalo lilinifurahisha nilipolijua. Shina lake ni lile lile la "hai". Ndugu zake ni uhai, na hata "hayati", neno tunalowaitia wakubwa waliofariki ingawa asili yake ni uzima. Wanazuoni wa Kiarabu wa kale walifundisha kwamba mwenye haya ni mtu ambaye moyo wake ungali hai: unasikia, unashtuka, haujafa ganzi. Waebrania wana shina hilo hilo la uzima, na katika sura ya tatu ya kitabu cha Mwanzo Adamu anamwita mkewe Hawa kwa sababu yeye ni mama wa wote walio hai. Sura moja kabla ya hapo tunasoma kwamba wawili hao walikuwa uchi na hawakuonea haya mbele ya mwenzake. Halafu wakala tunda, na kitu cha kwanza walichofanya ni kushona majani. Wengi husema walimficha Mungu miili yao, na ni kweli kwamba baadaye walijificha kati ya miti. Lakini majani walikuwa wamekwisha kuyavaa kabla hawajaisikia sauti yake. Mtu wa kwanza aliyefichwa kitu alikuwa ni mwenzi.

Tusichanganye haya na aibu. Aibu asili yake ni kasoro, doa, kitu ambacho wengine wamekwisha kukiona. Haya hutangulia. Ni mlinzi aliyesimama mlangoni kabla doa halijaingia. Ndiyo maana tunamsifu mtu kwa kuwa na haya na hatumsifu mtu kwa kuwa na aibu, na tukitaka kumtukana mtu sana tunasema hana haya wala soni.

Sasa turudi kwenye ndoa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1057, inasema kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wale wawili, na hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao. Si baba, si padre, si mahari hata ikiwa ni ng'ombe ishirini. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyotoka nje si ndoa. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 45, nayo inataka ridhaa huru, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imerudia hivyo hivyo. Ndiyo maana siku ya harusi padre huwauliza maswali matatu kabla hawajatamka ahadi zao, na la kwanza ni kama wamekuja kwa hiari yao bila kushurutishwa. Mbele ya altare hakuna bibi harusi anayeruhusiwa kujibu "haya".

Wazee wetu nao hawakuwa wajinga katika jambo hili, ingawa siku hizi ni desturi kuwasema vibaya. Kwa Wakikuyu binti aliulizwa mbele ya watu kama ile pombe ya posa inywewe au isinywewe, na wazee walingoja. Jirani zetu Waislamu wana mafundisho ya zamani kwamba mwanamwali akiulizwa juu ya kuolewa kwake akanyamaza, kimya chake ni idhini, kwa kuwa haya inamzuia kutamka. Watu wengi hupenda kuitaja nusu hiyo. Nusu nyingine ni kwamba lazima kwanza aulizwe, na kwamba mwanamke aliyewahi kuolewa hupaswa kutamka kwa kinywa chake. Kimya cha mtu asiyeulizwa hakihesabiwi na yeyote.

Kwa hiyo siku ya kwanza tunaangalia ridhaa kwa makini sana. Tunaiandika katika kitabu, mashahidi wanatia sahihi. Kinachonisumbua ni siku zinazofuata. Baada ya harusi wengi hufikiri ridhaa ile moja imetosha maisha yote, na kuanzia hapo wanapokea "haya" yoyote itakayotoka kinywani.

Nitatoa mfano. Bwana anataka mkopo anunue gari la abiria. Benki inataka hati ya shamba lenye nyumba yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mwenzi kukubali, kwa hiyo mke lazima atie sahihi. Bwana anarudi jioni na karatasi. Kaka zake wawili wamekaa sebuleni wanakunywa chai. Anasema, "Mama watoto, weka sahihi hapa." Mama anaitazama karatasi, anawatazama mashemeji, anasema, "Haya." Anatia sahihi.

Mwanasheria ataiona sahihi hiyo na kuridhika. Lakini bwana anajua kwa nini alichagua jioni ile, na kwa nini aliwaalika kaka zake chai. Alijua kwamba mkewe ni mtu wa haya na kwamba hataweza kumkatalia mumewe mbele ya mashemeji. Haya ya moyo ndiyo iliyotamka haya ya mdomo. Huyu bwana ameutumia wema wa mkewe kama mwizi anavyotumia dirisha lililosahauliwa wazi. Gari likileta faida, bado ameiba. Na gari likianguka, usimwambie, "Ulikubali."

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mafundisho mengi ya ndoa ninayoyasikia. Tumezoea kumlaumu aliyesema. Tunataja mfano wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya 21, wa yule mwana aliyemwambia baba yake atakwenda shambani kisha hakwenda. Ni sawa, mdomo wake ulimdanganya baba. Lakini baba yule hakujua. Je, yule anayejua? Yule anayesikia "haya", na moyoni mwake anajua kabisa kwamba si ridhaa, lakini anaiokota upesi kabla haijabadilika, kwa kuwa inamfaa? Kwa maoni yangu lawama iliyo kubwa ni yake. Aliyesema hakupata nafasi ya kusema lingine. Aliyesikia alikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili, akaona hasara kuuliza.

Jambo hili linafika hadi chumbani, na sitalipita kwa kuwa tu nina haya ya kuliandika. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, fungu la 13, alifundisha kwamba kumlazimisha mwenzi tendo la ndoa bila kujali hali yake na matakwa yake halali si tendo la kweli la upendo. Wako mabwana wanaolijua vizuri sana andiko la Mtakatifu Paulo la kutonyimana, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya saba. Wasome aya nzima. Paulo anasema mwili wa mume nao uko chini ya mke, na anataka wawili wapatane. Mke aliyeshinda shambani, akakesha na mtoto mwenye homa, akisema "haya" huku amegeukia ukuta, hajapatana na mtu.

Wala msidhani haya ni mzigo wa wanawake peke yao. Bwana anapunguzwa kazi. Asubuhi anavaa shati lake na kutoka kama kawaida, anakwenda kukaa chini ya mti mjini hadi saa kumi na moja. Mke anasema, "Baba watoto, mwezi huu tulipe ada ya yule wa sekondari, kisha tumalize deni la duka." Anajibu, "Haya." Ataitoa wapi? Haya imemfunga, naye anaahidi asichokuwa nacho. Yoshua bin Sira, katika sura ya nne ya kitabu chake, anafundisha kwamba kuna haya iletayo dhambi na kuna haya iliyo utukufu na neema. Baadaye, sura ya 42, anataja mambo ambayo mtu asiyaonee haya, na kati yake ni kufanya hesabu na mwenzake na kutumia mizani ya haki. Mimi ninaona hilo ni fundisho la ndoa kamili. Mbele ya watu, funika siri za nyumba yako. Mbele ya mkeo, weka hesabu mezani, hata kama ni shilingi mia mbili tu zilizobaki.

Siwezi kuwaacha wanaosema "haya" bila kuwaambia neno. Iko haya ya akiba. Mtu anaisema akijua hataki, wala hana hofu wala fedheha yoyote, ila anaiweka ghalani ili siku moja aitoe: "Mimi nilinyamaza tu, nikakuacha ufanye unavyotaka, ona sasa." Hiyo ni kulipiza kisasi mapema. Kama una nafasi ya kusema hapana, na hapana yako haitakuletea kipigo wala kunyimwa chakula, basi iseme ingali inafaa kitu.

Lakini nafasi hiyo ni nani anayeitoa? Kila mmoja anampa mwenzake. Katika nyumba ambamo "hapana" haijawahi kusemwa bila adhabu, "haya" zote za nyumba hiyo hazina thamani, na mwenye nyumba hana njia ya kujua hata zile chache zilizo za kweli. Mke akikataa, halafu bwana akanuna siku tatu, amemfundisha kitu. Bwana akikataa, halafu mke akamsimulia dada yake kwa simu huku bwana anasikia, naye amemfundisha kitu. Somo hilo likisharudiwa mara nne au tano, haliko tena la kuuliza. Kila utakalosema utajibiwa "haya", na utadhani una amani.

Wako wazee watakaosema kwamba mume akimwuliza mkewe mara mbili ametawaliwa. Nimelisikia hilo katika semina za ndoa, na kwa kawaida hucheka wanaume wote ukumbini. Nawaomba wazee hao wakumbuke siku ya posa, walipomngoja binti ainue macho na kujibu, na hakuna aliyesema kwamba binti anawatawala. Walingoja kwa kuwa walijua thamani ya kitu walichokuwa wakikiomba. Shamba lile lenye nyumba yenu lina hati moja tu. Muulize tena mama watoto, kaka zako wakishakwenda, na umwambie mapema kwamba akisema hapana, mtatafuta njia nyingine. Mpe usiku mmoja au miwili. Benki hufunguliwa tena Jumatatu, na karatasi zinaweza kungoja kabatini.